Kadi Moja Tu

Hellena alimjua yule mama kabla hajavuka kizingiti. Hawakuwahi kukutana, ila ile sura alikuwa ameiona mara nyingi kwenye simu ya Zenon: paji pana, macho madogo yenye kupima, na mwanya uleule ambao kwa mwanaye ulimyeyusha Hellena kila alipocheka. Leo mwanya haukuonekana. Mama Zenon alikuwa amekaza mdomo, kitenge amekifunga juu ya sweta zito, na upepo wa asubuhi ulimsukuma ndani ya duka pamoja na vumbi la mtaa wa Majengo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetengeneza kadi?"

"Ndiye mimi. Karibu kiti."

Hakukaa mara moja. Aliitazama mashine ya kuchapia, akatazama kadi za harusi za watu zilizobandikwa ukutani, kisha akamtazama Hellena kuanzia kilemba mpaka viatu. Hakuna mteja anayetazama hivyo.

Ananijua, Hellena aliwaza. Au ni mimi tu ninayejishtukia?

Miaka miwili alipendana na Zenon, na miaka yote miwili Zenon alikuwa na jibu moja. Mama nitamwambia, ngoja tumalize mavuno. Mama nitamwambia, ngoja msimu wa mbegu upite, si unajua duka langu la pembejeo linavyonibana. Mavuno yaliisha, mbegu zikaota, mama hakuambiwa. Na sasa huyu hapa, amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba ameupakata mapajani.

"Nataka kadi ya mwaliko," alisema. "Mwanangu anaoa."

Hellena alikuwa ameshika kipanya. Hakukiachia.

"Hongera mama. Anaitwa nani?"

"Zenon. Na binti anaitwa Silvana. Andika kwa herufi kubwa, wazee wasome bila kuomba miwani."

Hellena aligeukia kompyuta. Alishukuru kwamba kazi yake ilimruhusu kumpa mtu mgongo. Akafungua ukurasa mpya, akachagua mwandiko mnene wenye miguu mizuri, akaandika ZENON, akaandika NA, akaandika SILVANA. Majina mawili yakasimama kwenye kioo yakimtazama.

"Parokia gani, mama?"

"Hapo acha wazi."

"Tarehe?"

"Acha wazi pia."

"Ukumbi?"

"Binti, si nimekwambia uache wazi?"

Hellena alikuwa ametengeneza kadi za harusi nyingi mno. Watu walikuja kwake na kamati nzima, wakibishana juu ya ukumbi na rangi ya maua, na jambo la kwanza walilokuwa nalo mkononi lilikuwa tarehe ya kanisa. Hakuwa amewahi kuona harusi yenye majina matupu.

"Matangazo yameshaanza kusomwa kanisani?" aliuliza, sauti ameituliza.

Mama Zenon alisogeza mkoba wake. "Yatasomwa. Kwenu ni wapi wewe?"

"Milepa."

"Milepa ya asili, au ya kuhamia?"

"Baba alitoka Kahama na ng'ombe zake, mama. Mimi nimezaliwa Milepa."

"Aa." Ile "aa" ilikuwa ndefu. Ilitoka kama ya mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. Kisha mama akainua kidevu kuelekea kioo. "Mbona hilo jina la binti limekatika?"

Ni kweli lilikuwa limekatika. Mguu wa L ulinyooka chini na mabega ya V yalipanda juu, kati yao pakabaki uwazi. Na V ilipofika kwa A, moja imeegemea huku na nyingine kule, uwazi mwingine ukafunguka.

"Linasomeka SILV, halafu ANA," mama aliendelea. "Watu watauliza huyo Ana ni nani. Harusi ya mwanangu isiwe na mwanamke wa pembeni."

Hellena aligeuka kumtazama. Mama Zenon alikuwa anatazama kioo tu, uso mkavu kabisa.

"Nitalisogeza," Hellena alisema.

Aliweka mshale wa kuandikia katikati ya V na A, akashika kitufe cha Alt, akabonyeza kishale cha kushoto. A ikasogea kidogo. Kazi hii aliipenda kuliko zote dukani. Jioni Zenon alikuwa akija kukaa kwenye benchi pembeni yake, anakula karanga, anabisha. "Mimi naona ziko sawa tu." Hellena anamwambia, "Usisome neno. Tazama mianya." Mpaka siku moja Zenon alimpigia kutoka barabarani huku anacheka: "Hellena, umeniharibu. Nimepita kwenye bango la baa, herufi zimeachana kama wagomvi, siwezi kuendesha pikipiki!" Siku hiyo Hellena alijua kwamba huyu mwanaume amemwingia na hatatoka.

Na huyu mwanaume ndiye anayemuoa Silvana?

"Wameshaonana?" aliuliza. "Bwana harusi na bibi harusi."

"Wameonana sana! Jumapili hii iliyopita Zenon alikuwa kwa kina Silvana, kule Matai. Walimchinjia kuku, akala ugali wa ulezi mpaka mama mtu akafurahi. Mchana kutwa alikuwa huko."

 Jumapili iliyopita Zenon alimwambia Hellena yuko Laela, lori la mbolea limevunjika ekseli, simu inaishiwa chaji. Hellena alimhurumia. Alimwekea hata chakula.

Alirudi kwenye V na A. Mianya bado ilikuwepo. Angeweza kuiacha hivyo, angeweza hata kuipanua kidogo, na kadi ikatoka na jina la kuchekesha, na hakuna ambaye angejua kwamba ilikuwa makusudi. Kidole kilikuwa juu ya kishale cha kulia. Kilikaa pale muda.

Kisha akabonyeza cha kushoto. A ikaingia chini ya bega la V. Akaenda kwenye L na V, akazisogeza nazo. Akaifungulia nafasi kidogo I, maana sasa ilionekana imebanwa. Akalivuta jina zima mbali kidogo na macho, akalirudisha. SILVANA. Lilikuwa zuri. Akachukia kwamba lilikuwa zuri.

"Tayari, mama. Nitoe ngapi?"

"Moja."

"Moja ya kuangalia?"

"Moja tu."

Hellena aliacha kipanya. Kadi isiyo na kanisa, isiyo na tarehe, na inatolewa moja tu. Akageuza kiti chote, wakatazamana uso kwa uso.

"Mama, hiyo moja anapewa nani?"

 Mama Zenon alikuwa anaangalia jina lililokaa sawa kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wake ulionyesha kusitasita.

"Nilidhani utalia," alisema. "Au utanifukuza. Umekaa hapo umenipambia jina lake."

"Kwa hiyo unanijua."

"Nakujua tangu mwaka jana. Watu wa soko wana macho." Akashusha pumzi. "Kadi ni yako, Hellena. Nilitaka uishike mkononi uelewe. Wewe ni mzuri, sikatai, na kazi unaijua. Lakini kaka yake Zenon alioa kwenye watu wa ng'ombe. Wakahama, leo wako Katavi, kesho sijui wapi. Wajukuu zangu nawaona kwenye simu. Nimebaki na huyu mmoja. Silvana ana shamba lililopakana na la shangazi yangu. Hatoki."

Hellena alitaka kukasirika na hakuweza vizuri, kwa sababu sauti ya yule mama ilikuwa imelegea mwishoni. Lakini mashaka hayakumwachia nafasi ya huruma. Kama kadi ni uongo, basi ya Matai nayo ni uongo? Au uongo ni wa Laela?

"Naomba nipige simu moja, mama."

Aliweka simu juu ya meza, sauti kubwa. Ililia mara moja tu.

"Mpenzi wangu," sauti ya Zenon ikajaa duka. Mama yake akainamisha macho.

"Zenon, nikumbushe. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Si nilikwambia? Laela. Lile lori bwana, lilinitesa! Kwa nini?"

"Njoo dukani."

"Nina wateja hapa, labda mch—"

"Mama yako amekaa mbele yangu. Njoo."

 Simu ikakatika.

Alifika na pikipiki yake, jaketi halijafungwa, pumzi juu juu. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa. Akamtazama mama, akamtazama Hellena, akaona kioo cha kompyuta na majina yaliyomo.

"Hii nini?"

"Kadi yako," alisema Hellena. "Bado tarehe. Matai ulienda au hukwenda?"

Kabla hajafungua mdomo, mama yake alimwahi kwa Kifipa, haraka haraka, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumzia bei mbele ya mnunuzi. Alimwambia anyamaze. Alimwambia asijieleze wala asijitetee, binti ameshaumia, akikaa kimya atachoka mwenyewe na mambo yataisha leo bila aibu.

Zenon alijua Hellena anasikia kila neno. Alijua kwamba huko Milepa alikua akicheza na watoto wa Kifipa, akakijua kabla hajakijua Kiswahili cha shule. Mama hakujua. Macho ya Zenon yalimwendea Hellena, yakakutana na yake, na Hellena akangoja. Alingoja kwa moyo wake wote. Neno lolote lingetosha.

Zenon akanyamaza.

Basi Hellena alijibu yeye, kwa Kifipa, taratibu, kwa heshima yote ambayo binti humwekea mama mtu mzima. "Mama, sijachoka. Ila nimesikia."

Mama Zenon alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Unakijua?"

"Nimezaliwa Milepa. Nilikwambia." Akamgeukia Zenon, sasa kwa Kiswahili. "Ulienda Matai?"

"Nilienda. Mama alisema mjomba anaumwa. Nikafika nikakuta mkeka umetandikwa na wazee wamevaa rasmi. Hellena, ningefanya nini?"

"Ulisema hapana?"

"Sikusema ndiyo."

"Sikukuuliza hilo."

Zenon akapitisha mkono kichwani. "Sikusema kitu. Nilikula, nikashukuru, nikaondoka. Niliona aibu. Nikasema litapita lenyewe."

"Na ya Laela?"

"Niliogopa utaniangalia hivi unavyoniangalia sasa."

"Nakuangalia hivi kwa sababu sijui tena ni lori gani liliharibika kweli na lipi halikuharibika. Umeelewa ulichonifanyia? Kila jioni uliyokaa kwenye benchi hili, sasa nitaipekua." Machozi yalikuwa yamefika, lakini aliyazuia yasianguke mbele ya yule mama. "Kuna watu Matai wanaamini umekubali. Na mama yako anaamini nitachoka. Na mimi niliamini una lori. Sote tunaishi kwenye kimya chako, Zenon. Nenda kaseme. Kwa mdomo wako, kwa wale uliokula kwao. Ukitaka kumuoa, kawaambie hivyohivyo, nami nitajua. Mpaka hapo, usikanyage hapa."

"Hellena, nakupenda."

"Hilo nalo hukulisema huko."

Walitoka wote wawili, mama mbele, mwana nyuma, hawazungumzi. Hellena alifunga lile faili bila kulihifadhi. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika. Alikuwa nao.

Zilipita siku ambazo simu yake ililia na kila mara ilikuwa ni mteja. Duka la pembejeo lilikuwa limefungwa, aliliona kwa mbali akienda sokoni, na akajiapiza kwamba hakulipita makusudi. Huenda yuko Matai anakubali. Huenda ameshaoa. Huenda hakwenda kokote, amejifungia ndani akingoja lipite lenyewe. Akili iliyokwisha kudanganywa haikosi kazi.

Alasiri moja ya manyunyu, msichana mmoja alisimama mlangoni akikung'uta mwavuli. Alikuwa mrefu, shingo imenyooka, sweta la njano likamwangaza uso wote. Alikuwa mzuri, uzuri ule ambao unakufanya uangalie mara ya pili kuhakikisha.

"Wewe ndiye dada Hellena?"

"Ndiye mimi. Nikusaidie nini?"

"Naitwa Silvana."

Hellena alisimama bila kujua kwamba amesimama. Alikuwa ameshinda na jina hilo asubuhi nzima, akalisogeza herufi kwa herufi, na hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba lina sauti, na kwamba sauti yenyewe ingekuwa ya upole hivi.

"Karibu," alisema. "Karibu kiti."

"Sitakaa, basi langu linaondoka sasa hivi. Zenon alikuja nyumbani jana. Baba hakumpa hata kigoda. Akasema akiwa amesimama uani, wajomba zangu wote wapo. Akasema alinyamaza siku ile, na kunyamaza kwake kulitudanganya, na kwamba kuna mtu anayempenda. Akakutaja. Wakamfukuza kwa maneno makali, na mvua ikanyesha." Alikunja mwavuli wake, akaukunjua, akaukunja tena. "Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Dada, nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Hakuna aliyenificha kwamba si yeye aliyeniomba, ni mama yake, lakini moyo hausubiri."

"Silvana, mimi sikujua…"

"Najua hukujua. Sikuja kugombana. Nilitaka tu nione kama nimeachwa kwa sababu ya mtu, au kwa sababu ya kisingizio."

"Na umeonaje?"

Silvana alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu pembezoni, lakini hayakukwepa.

"Ni mtu," alisema. Akafungua mwavuli, akaingia kwenye manyunyu, akiruka madimbwi kwa uangalifu ili asichafue viatu vyake vya safari. Hellena alibaki mlangoni mpaka lile sweta la njano likapotea upande wa stendi. Ndipo alipolia. Hakujua vizuri anamlilia nani.

Jioni hiyohiyo Zenon alikuja jua lilipokuwa linazama, kwa miguu. Hakuvuka kizingiti. Nguo zilikuwa na tope la jana na sauti imekauka kwa mafua.

"Nilienda," alisema kutoka nje. "Nimewaambia. Mama hasemi na mimi. Sijui kama hiyo inatosha."

"Haitoshi."

"Sawa."

"Ila ingia, unatetemeka."

Aliingia, akasimama katikati ya duka, mikono haijui pa kukaa. Hellena alikuwa amekalia benchi. Alimtazama yule mwanaume aliyempenda na ambaye sasa angemshuku kwa muda mrefu, na alijua mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja.

"Nitakuwa nakuuliza maswali, Zenon. Mara nyingi. Utachoka."

"Uliza."

"Hata ya kijinga?"

"Hata ya kijinga."

"Silvana," alisema polepole. "Ni mzuri?"

Zenon alifunga macho. Hakujua kwamba msichana yule alikuwa amesimama mlangoni pale, alasiri hiyohiyo. Hellena alimwona akilitafuta jibu tamu, akaliona lilivyomfika mdomoni, jibu ambalo mwanaume yeyote angelitoa na mwanamke yeyote angelipokea. Nje mwenye duka la jirani alikuwa anafunga milango yake ya bati, moja baada ya nyingine.

"Ni mzuri," Zenon alisema. "Ni mzuri sana."

Ilimuuma Hellena, ikamuuma palepale na kwa nguvu. Kisha akavuta sketi yake, akasogea mpaka mwisho wa benchi, akampa mahali pa kukaa.